Kigumba Kipi kwa Shabaha ya Mbali?

Chukua mishale miwili iliyo sawa kwa kila kitu: ufito wa aina moja, manyoya ya aina moja, uzito uleule. Mmoja ufunge ncha ya mazoezi, ile ya duara isiyo na makali. Mwingine ufunge kigumba cha kuwindia chenye nyembe tatu. Ipige yote miwili kwa mita 20, nayo itaingia karibu karibu kiasi kwamba utadhani kazi imekwisha. Sasa rudi nyuma hadi mita 50. Wa kwanza uko palepale ulipolenga, wa pili umeangukia kushoto au chini, pengine kwa upana wa kiganja, pengine nje kabisa ya shabaha. Mpigaji ni yuleyule na upinde ni uleule.

Wengi wakifika hapo huamua kwamba kigumba ni kibovu, wakanunua cha aina nyingine, kisha kingine, hadi droo inajaa. Mada ya vigumba imejaa ubishi wa namna hiyo. Yuko anayeapa kwa nyembe zisizosogea, yuko asiyetaka kusikia chochote ila nyembe zinazofunguka, na kila mmoja ana mnyama wa kutolea ushahidi. Nadhani ubishi hauishi kwa sababu maswali matatu yamechanganywa. Je, mshale utafika pale ulipoelekezwa? Ukifika, utakuwa na nguvu ya kupenya hadi upande wa pili? Na mnyama, je, atakuwa bado amesimama palepale? Kigumba kina mkono mkubwa katika swali la kwanza na mkono wa kiasi katika la pili. Katika la tatu hakina msaada wowote, ingawa ndilo linaloamua mambo mtu anapoanza kupiga kwa mita 40 na kuendelea. Hapo ndipo ninapoanzia kuita mbali.

Mabawa ya mbele

Mshale hautoki kwenye upinde ukiwa umenyooka kama macho yanavyodhani. Upote unapousukuma kwa nyuma, ufito hupinda, kisha hupinda upande wa pili, na huendelea kutikisika hivyo kwa mita kadhaa za mwanzo. Manyoya ndiyo yanayoushika mkia ubaki nyuma ya kichwa. Ncha ya mazoezi haina pa kushika hewa, kwa hiyo hata mshale ukitoka mshazari kidogo, manyoya huunyoosha bila mpinzani. Kigumba kina nyembe bapa, na kitu bapa kikipigwa na hewa kwa pembe hugeuka bawa. Aliyewahi kubeba karatasi ya bati siku ya upepo anajua: ukiielekeza upepo kwa ukingo wake haikusumbui, ukiipindisha kidogo tu inakuvuta iendako. Mshale wenye kigumba una mabawa mbele na mabawa nyuma, na kama umetoka mshazari, yale ya mbele hutaka kuongoza.

Kwa nini basi kosa halionekani kwa mita 20? Kwa sababu msukumo wa pembeni ukidumu, kupotoka hakuongezeki sawasawa na umbali bali kwa mraba wake. Tuseme kigumba kinauvuta mshale sentimita 3 upande mmoja kwa mita 20. Hakuna atakayeziona; atasema mkono ulitikisika. Msukumo ungebaki uleule, kwa mita 40 zingekuwa sentimita 12, na kwa mita 60 sentimita 27. Katika maisha halisi manyoya hupunguza hesabu hiyo kadiri mshale unavyotulia, lakini mwelekeo ni huo, na ndiyo maana jaribio la mita 20 halithibitishi lolote kuhusu mita 50.

Ukishaelewa hilo, sifa za kigumba kinachoruka vizuri mbali unaweza kuzitaja mwenyewe bila kusoma tangazo. Kiwe kifupi, maana wembe unaoanza mbali mbele ya ufito una mkono mrefu wa kuupinda. Kiwe na eneo dogo la bapa, ama kwa kuwa chembamba, ama kwa kuwa na matundu ndani ya nyembe. Kiwe kimechongwa sawasawa ili nyembe zote ziwe na kimo kimoja na pembe moja. Na nyuma, manyoya yawe na nguvu ya kushinda: yaliyobandikwa kwa mzunguko ili mshale uzunguke angani, na pengine manne badala ya matatu. Manyoya makubwa yana gharama yake. Yanakula mwendo, yanapiga kelele na yanashika upepo wa ubavuni. Kwa hiyo usiongeze manyoya kwa pupa ili kuficha upinde ambao haujapatanishwa na mshale wake.

Kupatanisha upinde kwanza

Hapa ndipo ningekaa muda mrefu kuliko dukani. Ugumu wa ufito lazima ulingane na nguvu ya upinde, urefu wa mshale na uzito wa kichwa. Ukiongeza uzito mbele, ufito unatenda kama umelegea. Ukiukata mfupi, unatenda kama umekazika. Mtu anayebadilisha kutoka kigumba cha greni 100 kwenda cha greni 150 bila kugusa kitu kingine amebadilisha mshale mzima, kisha anashangaa haurudi ulikokuwa ukipiga. (Greni ni kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti za vigumba karibu zote: greni 100 ni gramu 6.5, na 125 ni kama gramu 8.1.)

Kabla hata ya kupiga, kagua kama kigumba kimekaa katikati. Laza mshale juu ya kucha za vidole viwili au juu ya vigurudumu vidogo, uzungushe taratibu, na tazama ncha huku nyuma yake pakiwa na karatasi nyeupe. Ncha iliyokaa sawa husimama kama haizunguki. Iliyopinda huchora kiduara, hata kama ni kidogo kuliko punje ya mtama. Mara nyingi kosa si la kigumba: ni ufito uliokatwa mshazari, au kile kipande cha chuma chenye hesi kilichogundishwa ndani hakikukaa wima. Jaribu kigumba kilekile kwenye ufito mwingine, utajua mara moja mwenye kosa ni nani. Mshale unaochora kiduara uwekee ncha ya mazoezi, usiuingize kwenye podo la kuwindia.

Kisha piga vigumba na ncha za mazoezi pamoja, ukianza mita 20, halafu 30, halafu 40. Angalia kundi la vigumba liko wapi ukilinganisha na kundi la ncha za mazoezi. Vikiwa kushoto, sogeza egemeo la mshale (kile kinachoubeba mshale kwenye upinde) kidogo kulia; vikiwa chini, liinue kidogo. Yaani egemeo linasogezwa kuelekea ambako unataka vigumba viende. Kidogo hapa ni kidogo kweli, chini ya milimita moja kwa mara moja, kisha unapiga tena. Ncha za mazoezi nazo zitahama, lakini vigumba vitahama zaidi, na makundi mawili yatakaribiana hadi yawe moja. Alama za kulengea haziguswi hadi hapo. Anayeanza kwa kusogeza alama za kulengea anakuwa na upinde unaopiga sawa kwa mita 30 tu, na kwa kila umbali mwingine anadanganywa.

Kuna upinde usiokubali, hata ukiusogeza vipi. Hapo tafuta chanzo kingine: ufito umelegea mno kwa nguvu ya upinde, manyoya yanagusa egemeo yanapopita, au mkono unaoshika upinde unaupindisha wakati wa kuachia. Hilo la mwisho ni la kawaida kuliko watu wanavyokiri. Ncha ya mazoezi inasamehe mshiko mbaya, kigumba hakisamehi.

Nyembe tuli na nyembe zinazofunguka

Sasa tuje kwenye ubishi wenyewe. Kigumba cha nyembe tuli kiko wazi tangu kinatoka hadi kinafika. Hakina kiungo cha kufungua, kwa hiyo hakina cha kugoma. Kwa kawaida upana wake wa kukata ni milimita 25 hadi 32, maana kikizidi hapo kinakuwa kigumu kukirusha sawasawa. Baadhi vina ncha yenye makali inayoanza kukata papo hapo inapogusa ngozi. Vingine vina ncha nene ya pembe tatu, inayotoboa kwanza kabla nyembe hazijafika. Ya kwanza hupenya kwa nguvu kidogo, ya pili hustahimili mfupa bila kukunjika ncha.

Kigumba cha kufunguka huruka nyembe zikiwa zimelala mwilini mwake, zimeshikwa na kipete cha mpira au cha plastiki. Zikigusa mnyama, hufunguka hadi milimita 38, 50 na hata zaidi. Angani kinafanana na ncha ya mazoezi, na hicho ndicho kinachowavutia wapigaji wa mbali: upepo unakipata kidogo na kundi halitawanyiki. Sifa hiyo ni ya kweli. Ila kuna kosa moja la kufikiri ambalo limeenea, la kudhani kigumba cha kufunguka kinatibu upinde usiopatanishwa. Kinaficha tu. Mshale unaoruka mkia ukiwa pembeni ukitua sawa na ncha ya mazoezi, bado unafika mshazari, na mshale unaofika mshazari hutumia sehemu ya nguvu zake kupinda badala ya kupenya. Kigumba cha kufunguka, ambacho tayari kinatumia nguvu kufungua nyembe zake, ndicho kinachoumia zaidi.

Namna kinavyofunguka nayo ina maana. Kuna ambavyo nyembe zake zimefungwa kwa bawaba nyuma, ncha zake zikilala kuelekea mbele, na hurushwa nje kuelekea nyuma. Hivi vikigonga ubavu kwa mshazari mkali, wembe mmoja unaweza kushika kabla ya mwingine na kuusukuma mshale nje ya njia yake. Vingine nyembe huteleza kurudi nyuma huku zikipanuka. Hivi hufunguka kwa utulivu zaidi, na kama ningelazimika kuchagua cha kufunguka ningeanza hapo. Vipete navyo huzeeka. Mpira uliokaa ndani ya gari juani unaweza kukatika mshale ukiwa bado kwenye upinde, na nyembe zikifunguka angani mpigaji hana tena la kufanya.

Upana uliochapwa kwenye pakiti hausemi yote. Kinachokata ni urefu wa makali yanayopita kwenye nyama, na huo unapatikana kwa kuzidisha idadi ya nyembe kwa nusu ya upana. Kigumba cha nyembe mbili kinachofunguka milimita 50 hukata milimita 50. Cha nyembe tatu chenye upana wa milimita 28 hukata 42. Cha nyembe nne chenye upana wa milimita 25 tu hukata 50, sawa na kile kikubwa, bila kufungua chochote. Maumbo ya majeraha yanatofautiana: mpasuko mrefu una nafasi kubwa ya kuufikia mshipa ulio pembeni, na tundu la msalaba halijifungi kirahisi ngozi inapoteleza juu yake. Lakini hofu kwamba kigumba kidogo hakikati vya kutosha hupungua ukishafanya hesabu hiyo.

Kuna aina ya tatu, inayochanganya nyembe mbili tuli na mbili zinazofunguka. Hiyo hurithi uzuri wa pande zote mbili, na usumbufu wa pande zote mbili.

Nguvu iliyobaki

Mshale hauui kwa kishindo kama risasi. Unaua kwa kukata mishipa ya damu na kuyafanya mapafu yaporomoke hewa inapoingia kifuani. Kwa hiyo kinachotakiwa si kugonga kwa nguvu bali kupita, na ukiweza, kutokea upande wa pili, maana tundu la kutokea, hasa likiwa chini, ndilo linaloacha mchirizi wa damu unaofuatika.

Tuchukue mshale wa gramu 29 unaotoka kwa mita 85 kwa sekunde, jambo la kawaida kwa upinde wa kompaundi, ule wa magurudumu na nyaya, wenye nguvu. Unabeba nishati ya kama jouli 105. Hewa ikiupunguzia asilimia 8 ya mwendo njiani hadi mita 60, zitabaki jouli 89 hivi. Si upungufu wa kutisha. Upinde kama huo unaweza kukibeba kigumba cha kufunguka cha upana wa kiasi hata mbali. Sasa chukua upinde laini, wenye nguvu ya pauni 40, unaorusha mshale wa gramu 24 kwa mita 64 kwa sekunde: jouli 49 tangu mwanzo. Kwa upinde huo kigumba cha kufunguka chenye milimita 50 ni anasa isiyolipika. Nguvu zote zitaishia kufungua na kusukuma makali mapana, na mshale utabaki ndani bila kutokea. Mwenye upinde huo apate kigumba chembamba cha nyembe tuli chenye ncha ya kukata, na apunguze umbali.

Mjadala wa kupenya hauishi bila kutajwa Dk. Ed Ashby, aliyefanya majaribio ya mishale juu ya wanyama wakubwa huko Natal, Afrika Kusini, katika miaka ya 1980. Hoja zake zimewagawa wawindaji hadi leo: mshale mzito, ulio imara kila kiungo, wenye uzito mwingi mbele, na kigumba cha nyembe mbili kilichonolewa upande mmoja tu, ambacho hujizungusha kinapopenya na kupasua mfupa. Kwa mifupa mizito alipendekeza mshale usipungue greni 650, yaani gramu 42. Kwa nyati aliye mita 20 siwezi kubishana naye. Kwa mbali hoja hiyo inakutana na ukuta, nao ni mvutano wa dunia.

Ona hesabu. Mshale wa mita 85 kwa sekunde, ukikosea umbali kwa mita 3 pale mita 30, unatua kama sentimita 7 chini ya ulipolenga. Kosa hilohilo la mita 3 kwa mita 60 linakuwa sentimita 13. Ukipunguza mwendo hadi mita 75 kwa sekunde, ambao ndio bei ya kuongeza uzito, sentimita 13 zinakuwa 16 au zaidi. Eneo la moyo na mapafu la swala wa wastani ni kama sentimita 20 kwenda juu, na ulilenga katikati, kwa hiyo una sentimita 10 tu za kupoteza. Mita 3 ni kosa jepesi kulifanya kwa macho, hata kwa mwenye kipima umbali, kama mnyama amepiga hatua mbili tangu alipopimwa. Kwa hiyo mshale wa mbali ni maafikiano: uzito wa kati, ufito mwembamba ambao upepo hauupati sana, na kigumba cha greni 100 hadi 125. Uzito wa mbele nao uwe wa kadiri. Kuupima ni rahisi: tafuta mshale unapokaa mizani juu ya kidole, toa nusu ya urefu wake, gawanya kwa urefu wote. Mshale wa sentimita 72 unaokaa mizani sentimita 45 kutoka nyuma una asilimia 12.5, na kati ya 10 na 15 ndiko ninakoona mishale mingi ya mbali ikitulia vizuri.

Kama utatumia kile kigumba kilichonolewa upande mmoja, hakikisha mnoleo wake na mzunguko wa manyoya vinaelekea upande mmoja. Vikipingana, mshale unaokuwa ukizunguka kulia angani unalazimishwa kuzunguka kushoto unapoingia, na zile faida zote zinakwenda bure.

Makali yasikupotezee muda wa kubishana, ila usiyapuuze. Wembe butu husukuma mshipa pembeni badala ya kuukata, na jeraha lililochanika huganda damu mapema kuliko lililokatwa safi. Kigumba kipya si lazima kiwe kikali. Jaribu kila wembe juu ya karatasi iliyoshikwa kwa vidole. Kilichopigwa hata mara moja kwenye boya la shabaha hakifai tena kwa mnyama hadi kinolewe au kibadilishwe nyembe.

Na sheria: kabla ya kununua, soma ya mahali utakapowinda. Uingereza hairuhusu kabisa kuwinda kwa upinde. Majimbo mengi ya Marekani yanaruhusu lakini yanaweka upana wa chini wa kigumba, mara nyingi inchi 7/8, kama milimita 22.

Mnyama hasimami akikungoja

Nimesema swali la tatu kigumba hakilijibu. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, mara nne ya mwendo wa mshale wa kasi. Mnyama aliye mita 40 husikia upote baada ya sekunde 0.12, mshale humfikia baada ya kama sekunde 0.48. Katikati ana sekunde 0.36. Swala na kulungu wakishtuka hukunja miguu kwanza ili wapate nguvu ya kuruka, na mwili hushuka kwa mvutano wa dunia. Tuseme inamchukua sekunde 0.15 kuanza kushuka. Katika sekunde 0.21 zilizobaki anaweza kushuka sentimita 22, na mshale uliolengwa mapafuni unapita juu ya mgongo, au mbaya zaidi, unaingia kwenye nyama ya mgongo. Kwa mita 20 hesabu hiyohiyo inampa nafasi isiyofika sentimita moja. Kwa mita 60 ana sekunde zaidi ya nusu tangu asikie, na huo ni muda wa kushuka, kugeuka na kuanza kuondoka.

Kuna wanaojibu kwamba mbali sauti hufika imefifia na wanyama wengi hawashtuki. Ni kweli kwa mnyama anayekula kwa utulivu kwenye upepo unaovuma. Si kweli kwa aliyeinua kichwa, masikio mbele, misuli imekaza. Na hata asiyesikia chochote anaweza kupiga hatua moja tu kufuata jani, hatua inayohamisha mapafu kutoka kwenye njia ya mshale na kuweka tumbo mahali pake. Hapo ndipo kelele za kigumba chenyewe zinapoingia: vile vyenye matundu makubwa huvuma angani, na mvumo huo humfikia mnyama kabla ya mshale. Simama kando ya shabaha, nyuma ya kinga madhubuti, mwenzako apige, na sikiliza. Tofauti kati ya kigumba kimoja na kingine inaweza kukushangaza.

Kwa hayo yote, ningemshauri nini mwenye upinde wa kompaundi wa nguvu ya kawaida? Aanze na kigumba cha nyembe tuli, kifupi, nyembe tatu au nne, upana wa milimita 25 hadi 28, greni 100 au 125, chenye mwili wa kipande kimoja au nyembe zilizoshikwa barabara. Akishindwa kukipatanisha na ncha za mazoezi kwa mita 40, tatizo liko kwenye upinde au mkono, na ni afadhali alijue sasa. Akikipatanisha, na bado anawinda kwenye nyika ya upepo mwingi, na upinde wake una nguvu ya akiba, hapo cha kufunguka cha upana wa kiasi ni chaguo la haki. Kuanzia upande wa pili, yaani kununua cha kufunguka ili kuepuka usumbufu wa kupatanisha, ni njia ya mkato inayomfikisha mtu kwenye mnyama aliyejeruhiwa na asiyepatikana.

Nunua pakiti mbili za aina uliyochagua kwa wakati mmoja, maana watengenezaji hubadilisha maumbo bila kutangaza. Pakiti moja iwe ya mazoezi hadi iishe. Ipe mishale yako namba kwa wino, na andika kila namba inatua wapi ikiwa na kigumba. Katika dazeni moja huwa kuna mmoja au miwili isiyokaa na wenzake, na ukiizungusha kijino cha nyuma, kile kinachoushika upote, robo duara, baadhi hurudi kundini.

Umbali wako wa kuwindia upime kwa mshale wa kwanza wa siku, si kwa ule wa kumi mwili ukiwa umeshapata moto. Nenda uwanjani asubuhi, umevaa nguo utakazowindia, piga mshale mmoja wenye kigumba halisi, kisha uache upinde. Rudia kesho yake na keshokutwa kwa umbali uleule, kwa majuma kadhaa. Pale ambapo mshale huo mmoja unaingia kila mara ndani ya duara la sentimita 20 ndipo mpaka wako ulipo. Ukikuta ni mita 38, ni 38 siku ya utulivu, na upepo ukivuma toa 10.